D5 na NS zote zinaitwa isotoniki, mbona haziendi sehemu moja mwilini?

mwaka_wa_pili

Wakuu heshima yenu. Naomba kueleweshwa habari ya maji na chumvi kuvuka utando wa seli, maana kila nikidhani nimeishika inaniponyoka.

Kitabu kinasema dekstrosi 5% (D5, dripu ya glukosi) ina osmolaliti ya 278, NS (dripu ya chumvi 0.9%) ina 308, na damu ya mtu mzima iko kati ya 275 na 295. Kwa hiyo zote mbili ni isotoniki, seli haivimbi wala hainywei. Ukurasa unaofuata unasema mgonjwa wa kipindupindu aliyelegea kabisa asipewe D5, apewe RL (Ringer's lactate, dripu ya chumvi mchanganyiko yenye laktati), na RL ikikosekana apewe NS. Kama zote zinalingana na damu, tofauti inatoka wapi?

La pili. Tunaambiwa sukari huvuta maji. Sasa kwa nini ORS (chumvi za kuchanganya na maji ya kunywa kwa anayeharisha) imewekwa glukosi? Na mbona soda, ambayo nayo ni sukari, inaongeza kuhara?

Maana ya osmosisi, difyusheni na usafirishaji wa nishati (active transport) naijua. Kinachonishinda ni kuitumia.

zamu_ya_usiku

Mkuu, tatizo ni hilo neno isotoniki kwenye mfuko. Ni kweli mpaka dripu inapoingia mshipani. Baada ya hapo kwa D5 si kweli tena.

Osmolaliti ni hesabu ya chembe zote zilizoyeyuka, haibagui. Utando wa seli unabagua. Maji hayana pampu popote mwilini. Yanapita kwenye vitundu vyake (akwaporini, ndizo zilizompa Peter Agre Nobel ya Kemia mwaka 2003) kuelekea upande wenye chembe nyingi zilizokwama. Nimesema zilizokwama kwa makusudi: chembe inayoweza kuvuka utando, baada ya muda iko pande zote mbili au imeshaliwa na seli, haina tena cha kuvuta. Kwa hiyo ukishika mfuko wowote jiulize kwanza: katika vilivyomo humu, kipi kitabaki nje ya seli?

Mchukue mwanaume wa kilo 70. Maji yake ni karibu 60% ya uzito, yaani lita 42. Lita 28 ziko ndani ya seli, 14 ziko nje. Katika hizo 14, plazma ni kama 3.5 na zile 10.5 ziko katikati ya seli na seli.

Mpe lita 1 ya NS. Ina sodiamu milimoli 154 na kloraidi milimoli 154 kwa lita. Sodiamu ikichungulia ndani ya seli inatolewa na pampu ya sodiamu na potasiamu: tatu nje, mbili za potasiamu ndani, kwa kila molekuli moja ya ATP, sarafu ya nishati ya seli. (Jens Skou aliielezea mwaka 1957, Nobel akaipata 1997, miaka arobaini baadaye.) Ndiyo maana nje ya seli sodiamu ni 135 hadi 145 na ndani ni 10 hadi 15 tu. Kwa kuwa chumvi imebaki nje, maji nayo yanabaki nje. Lita nzima inakaa kwenye zile 14, na kwenye mishipa unabaki na robo yake, mililita 250 hivi.

Sasa mpe lita 1 ya D5. Ina gramu 50 za glukosi, na glukosi ina milango yake. Kwenye misuli na mafuta mlango ni GLUT4, insulini ndiyo huuita juu ya utando. Muda si mrefu glukosi imeingia, imechomwa au imewekwa akiba kama glaikojeni. Kilichobaki ni maji matupu, na maji matupu hugawanyika kwenye lita zote 42: mililita 667 zinaingia ndani ya seli, 333 zinabaki nje, na katika hizo, zinazokaa kwenye mishipa ni kama 83. Mtu aliyepoteza lita 6 kwa kuhara, mapigo hayashikiki, unampa mililita 83 kwa kila mfuko.

Kwa lugha nyepesi, D5 ni njia ya kumwingizia mtu maji bila kupasua seli nyekundu pale sindano ilipo. Kuna anayeyahitaji: aliyepungukiwa maji kuliko chumvi, au mwenye sukari iliyoshuka. Wa kipindupindu hayumo.

Madhara hayaishii kwenye kutotosha. Mgonjwa mwenye maumivu, kichefuchefu, nimonia au aliyetoka kufanyiwa upasuaji figo zake hushikilia maji kwa nguvu ya homoni. Mwendeleze na D5 mfuko baada ya mfuko, sodiamu inateremka, maji yanaingia kwenye seli za ubongo, na fuvu halina pa kutanukia. Anaanza na kichwa kuuma na kutapika, halafu kuchanganyikiwa, halafu degedege. Degedege ikishatokea dawa yake ni chumvi 3%, mililita 100 hadi 150 kwa dakika 10 hadi 20, siyo NS, maana unataka kitu kitakachoyatoa maji ndani ya seli hapo hapo. Ila ukishazima degedege punguza mwendo. Kupandisha sodiamu zaidi ya 8 hadi 10 ndani ya saa 24 ni hatari nyingine, kwa sababu ubongo uliozoea hali hiyo kwa siku mbili au zaidi umeshatupa nje baadhi ya chembe zake, na ukiukaushia maji ghafla ala za neva (maganda yanayozifunika) zinaharibika.

maabara_chini

Maelezo ya hapo juu yamenyooka. Mwenye maabara ya shule au ya chuo anaweza kuona kwa macho tofauti ya kuhesabu chembe na kuhesabu chembe zilizokwama.

Andaa mirija minne, kila mmoja mililita 5. Wa kwanza chumvi 0.9% (gramu 0.9 kwenye mililita 100 za maji yaliyochujwa kwa mvuke). Wa pili chumvi 3%. Wa tatu maji matupu yaliyochujwa kwa mvuke. Wa nne yurea 1.8%, yaani gramu 1.8 kwa mililita 100. Hesabu ya huo wa nne: molekuli ya yurea ni 60, gramu 18 kwa lita ni milimoli 300. Kwenye karatasi ni sawasawa kabisa na damu.

Tone moja la damu yenye EDTA (kizuia mgando) kila mrija, ugeuze taratibu mara mbili, usitikise. Weka kipande cha gazeti nyuma ya mirija usome kupitia humo.

Wa kwanza una ukungu mwekundu, herufi hazisomeki, na utabaki hivyo. Wa pili nao una ukungu. Chukua tone uweke chini ya lenzi ya 40 utaona seli zimekunjamana kama ganda la chungwa lililokauka. Wa tatu unang'aa papo hapo, herufi zinasomeka, seli zimepasuka na himoglobini imemwagika. Wa nne ndio wenye funzo. Unaanza kama wa kwanza, halafu unang'aa kama wa tatu. Yurea imeingia ndani ya seli, maji yameifuata, seli imepasuka ndani ya maji ambayo osmolaliti yake ni ya kawaida.

Linganisha na mgonjwa wa figo ambaye yurea imefika 40. Fomula ya osmolaliti ni sodiamu mara mbili, jumlisha glukosi, jumlisha yurea, vyote kwa milimoli. Sodiamu 140, glukosi 5, yurea 40, unapata 325. Namba inatisha, lakini seli zake hazijanywea, kwa sababu yurea iko ndani na nje. Mweke mwingine mwenye glukosi 40 na yurea 5, naye ni 325. Huyu seli zake zimekauka kweli, kwa sababu bila insulini glukosi imekwama nje. Namba moja, wagonjwa wawili tofauti.

Jaribio hili huharibika kwa sababu ndogo ndogo. Tone likiwa kubwa mirija yote inakuwa myeusi na huoni kitu. Ukitumia pipeti moja iliyotoka kwenye maji matupu, mrija wa chumvi nao utaonyesha wekundu uliomwagika. Chumvi iliyoshika unyevu hupima pungufu, na seli nyekundu huanza kupasuka chumvi ikishuka karibu na 0.5%, zinamalizika karibu na 0.3%, kwa hiyo kosa la kupima linatosha kukudanganya. Glovu kama kawaida, na damu haimwagwi sinki.

Mkiongeza mrija wa tano wenye D5 msitegemee upasukaji wa haraka. Mtaona seli zinashikana mafungu. Hiyo nayo ni sababu ya kutopitisha D5 na damu kwenye laini moja. RL pia haipiti na damu, ila sababu yake ni nyingine, kalsiamu yake inaamsha mgando kwenye damu iliyohifadhiwa kwa sitreti. Damu hufuatana na NS basi.

famasia_kona

Nichukue la ORS.

Sukari kuvuta maji ni kweli, lakini uliza iko wapi. Ikikwama ndani ya utumbo itayavuta maji kuja utumboni. Ikivuka ukuta wa utumbo itayavuta kwenda mwilini. Kazi yote ya ORS ni kuhakikisha inavuka, na inavuka ikiwa imeshikana mkono na sodiamu.

Kwenye seli za utumbo mwembamba, upande unaotazama chakula, kuna mbebaji anaitwa SGLT1. Hafunguki kwa glukosi peke yake. Anahitaji sodiamu mbili na glukosi moja, ndipo anageuka na kuzimwaga ndani. Robert Crane ndiye aliyetoa wazo la huu ubebaji wa pamoja, mwaka 1960. Upande wa pili wa seli, unaotazama damu, pampu inaitoa sodiamu na glukosi inatoka kwa GLUT2. Chembe zimehamia upande wa damu, maji yanafuata.

Sasa kipindupindu. Sumu ya kijidudu huyu haiui seli wala haiharibu mbebaji. Inakwamisha swichi moja ndani ya seli ibaki imewashwa, cAMP (kijumbe cha ndani ya seli) inapanda, mlango wa kloraidi unaoitwa CFTR unabaki wazi, kloraidi inamwagika utumboni, sodiamu inaifuata, maji yanafuata. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza mpaka lita moja kwa saa. Pia njia ya kawaida ya kufyonza chumvi inazibwa. Lakini SGLT1 haiguswi. Huo ndio mlango mmoja ulioachwa bila kufungwa, na ORS inapita humo. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, dripu zilipoisha Dilip Mahalanabis na timu yake waliwapa watu chumvi na glukosi kwa mdomo, na vifo vikashuka sana. Kabla ya hapo wengi katika udaktari waliona ni dawa ya kubahatisha.

Pakiti ya WHO ya tangu miaka ya 2002 na 2003, kwa lita moja: chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukosi 13.5, potasiamu kloraidi 1.5, trisodiamu sitreti 2.9. Jumla gramu 20.5. Ikishayeyuka inakupa sodiamu 75, glukosi 75, kloraidi 65, potasiamu 20, sitreti 10, jumla 245. Ona sodiamu na glukosi zinalingana, na ona jumla iko chini ya damu kidogo. Ile ya zamani ilikuwa na sodiamu 90 na glukosi 111, jumla 311, na ilishushwa kwa sababu ile ya chini inapunguza wingi wa kinyeshi na haja ya kutundikiwa dripu kwa watoto.

Soda sasa. Ya kawaida ina kama gramu 100 za sukari kwa lita na sodiamu karibu hakuna. Mbebaji anasubiri sodiamu haiji, sukari inabaki utumboni, inavuta maji. Anayekunywa soda kwa kuharisha anajiongezea kuhara. Juisi za pakiti ni yale yale. Madafu ni bora kuliko soda, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, hayawezi kuwa badala ya ORS kwa kipindupindu. Uji mwepesi wa mchele wenye chumvi kidogo una mantiki nzuri, wanga hukatwa kuwa glukosi taratibu pale pale ukutani bila kujaza utumbo chembe nyingi kwa mkupuo.

Makosa ya kuchanganya ndiyo yanayoniuma zaidi, maana dawa ni nzuri na mtu anaigeuza sumu jikoni. Pakiti ya lita 1 ikimwagwa kwenye chupa ya nusu lita unapata sodiamu 150, glukosi 150, jumla 490. Hiyo inavuta maji kuja utumboni, na kwa mtoto mchanga inapandisha sodiamu ya damu. Ikimwagwa kwenye chupa ya lita moja na nusu, jumla ni 163 na sodiamu 50, haimrudishii alichopoteza. Pia zipo pakiti za mililita 500 na za 200 madukani, zinafanana rangi, kwa hiyo soma kabla ya kumuuzia mtu. Kugawa pakiti kwa macho nusu leo nusu kesho usifanye, viambato havijatulia sawa humo ndani. Maji yachemshwe kabla, yapoe, ndipo unga uingie, usichemshe ukishachanganya. Usiongeze sukari ili mtoto apende. Baada ya saa 24 mwaga, changanya mpya.

Pakiti ikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu, si vya kichuguu. Haina potasiamu wala sitreti, ni ya kuvukia mpaka upate pakiti. Onja: isiwe na chumvi kuliko machozi.

mwl_baiolojia

Nyongeza ndogo kwa famasia_kona. SGLT1 haivunji ATP, kwa hiyo kwa mtihani iandikeni difyusheni saidizi, siyo usafirishaji wa nishati.

famasia_kona

Hapana mwalimu, hapo utawapotosha. Difyusheni saidizi hubeba kitu kutoka penye wingi kwenda penye uchache tu, kama GLUT2. SGLT1 hupandisha glukosi mlima, inaweza kuijaza ndani ya seli kuliko ilivyo utumboni. Nishati ya kupanda mlima inatoka kwenye sodiamu inayoteremka, na sodiamu inateremka kwa sababu pampu ya upande wa pili imeshalipa ATP. Zima pampu kwa wabaini (sumu inayoizuia), sodiamu inajaa ndani, na ufyonzaji wa glukosi unasimama ingawa hujamgusa mbebaji. Kwa hiyo ni usafirishaji wa nishati wa daraja la pili.

mwl_baiolojia

Nimekubali. Nilitazama ATP papo kwa papo nikasahau anayelipa bili.

mwaka_wa_pili

Asanteni sana wakuu, la D5 limekaa. Kuna kitu kimoja. zamu_ya_usiku amesema sodiamu ya NS inabaki nje ya seli. Sawa. Sasa mbona robo tatu yake inatoka kwenye mishipa? Si ingebaki humo humo? Na mbona wenye albumini ndogo wanavimba miguu wakati albumini ni chembe chache sana ukilinganisha na sodiamu?

zamu_ya_usiku

Umechanganya kuta mbili, na wengi huchanganya hapo.

Ukuta wa kwanza ni utando wa seli, una unene wa nanomita 7 hadi 10, tabaka mbili za mafuta. Oksijeni na kaboni dayoksaidi zinapenya bila kubisha hodi, maji yana vitundu vyake, ayoni zinahitaji milango au pampu. Hapa mwenye sauti ni sodiamu.

Ukuta wa pili ni wa kapilari. Huo ni seli zilizopangwa zikiwa na nyufa katikati yake, na kwenye nyufa hizo sodiamu, kloraidi, glukosi na yurea zinapita kama maji kwenye chekeche. Kwa ukuta huu sodiamu haijakwama, kwa hiyo haivuti kitu. Kinachokwama ni protini, hasa albumini, gramu 35 hadi 50 kwa lita. Katika chembe karibu 290 za plazma protini hazifiki hata 2, lakini kwa ukuta huu ndizo pekee zinazohesabika. Kanuni ni ile ile, kilichokwama ndicho kinachovuta. Umebadilisha ukuta tu.

Hesabu yake kwa kapilari ya kawaida: mwanzoni msukumo wa damu ni kama milimita 35 za zebaki kwenda nje, mvuto wa protini ni kama 25 kurudi ndani, maji yanatoka. Mwishoni msukumo umeshuka hadi 15, mvuto bado ni 25, mengi yanarudi, na yanayobaki yanazolewa na limfu. Mizani hiyo ni ya Ernest Starling, 1896. Vitabu vipya vinasisitiza kwamba kwenye tishu nyingi limfu ndiyo hubeba mzigo mkubwa kuliko kurudi kule mwishoni, lakini kwa mtihani wako picha ya zamani inatosha. Punguza albumini kwa figo kuvuja au ini kushindwa, mvuto unashuka, maji yanabaki nje, unabonyeza mguu kidole kinaacha shimo.

Ndiyo maana pia kumjaza NS mtu mwenye albumini ndogo kunamvimbisha bila kumpandisha presha kwa kiasi ulichotegemea.

Kwa kipindupindu kipimo ni RL mililita 100 kwa kilo. Mtoto chini ya mwaka mmoja: 30 kwa kilo kwa saa 1, halafu 70 kwa kilo kwa saa 5. Mwaka mmoja na kuendelea: 30 kwa kilo kwa nusu saa, halafu 70 kwa kilo kwa saa mbili na nusu. Akiweza kumeza tu anaanza ORS huku dripu inaendelea. RL inapendelewa kwa sababu laktati yake hugeuzwa na ini kuwa baikaboneti, ambayo mgonjwa anaipoteza kwenye choo, na ina potasiamu kidogo. NS inajaza mishipa lakini ina kloraidi nyingi na asidi ya damu haiisahihishi.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali msimweke kwenye mkondo huu. Pampu zake zimechoka, sodiamu imejaa ndani ya seli na potasiamu imetoka, na moyo ni dhaifu. Kwake hutumika ReSoMal (ORS maalumu ya wenye utapiamlo), sodiamu 45 na potasiamu 40, taratibu, na dripu ni kwa aliye kwenye mshtuko (shoki, damu haizunguki vya kutosha) tu. Akishukiwa kipindupindu anapewa ORS ya kawaida, siyo ReSoMal, kwa sababu sodiamu anayoipoteza ni nyingi mno.

chumba_cha_dharura

Mmezungumza sodiamu sana. Anayeua kwa dakika ni potasiamu, na kisa chake ni utando huo huo.

Ndani ya seli potasiamu ni kama 140, nje ni 3.5 hadi 5. Karibu yote iko ndani. Kwa hiyo namba ya damu inakuonyesha kijisehemu tu cha mzigo, na kuhama kidogo kuvuka utando kunaigeuza kabisa. Mgonjwa wa kisukari aliyeingia na asidi anaweza kuwa na potasiamu 5.5 kwenye karatasi ilhali mwili wake umekaukiwa, ameikojoa siku nzima. Ukimtundikia insulini, pampu inaamka, potasiamu inakimbilia ndani, na baada ya saa chache uko kwenye 2.8 na moyo unaruka mapigo. Ikiwa chini ya 3.5 anza na potasiamu, insulini isubiri.

Mbinu hiyo hiyo inageuzwa kuwa tiba. Potasiamu ikiwa juu mno, uniti 10 za insulini ya kawaida pamoja na gramu 25 za glukosi (mililita 50 za D50, yaani dekstrosi 50%) huisukuma ndani kuanzia dakika 15 au 20. Lakini haijatoka mwilini, imefichwa tu, na saa chache baadaye itarudi. Kabla ya hapo kalsiamu glukoneti 10%, mililita 10, taratibu, inautuliza moyo. Potasiamu yenyewe haishuki hata kidogo. Watu huipa wakapima tena baada ya robo saa wakashangaa namba haijabadilika. Haikuwa kazi yake. Na pima sukari kila saa baada ya hiyo insulini, wengi huporomoka wakati macho yote yako kwenye potasiamu.

Ampuli ya KCl (potasiamu kloraidi) 15% ya mililita 10 ina milimoli 20. Haisukumwi kwa bomba la sindano, kamwe. Plazma nzima ina lita 3.5 na potasiamu 4, yaani milimoli 14 kwa jumla. Unaona mwenyewe ampuli moja inafanya nini kabla seli hazijapata nafasi ya kuipokea. Inachanganywa kwenye mfuko, isizidi 40 kwa lita, isizidi 10 kwa saa kwenye mshipa wa mkono bila mashine ya kufuatilia moyo, na mfuko ugeuzwe-geuzwe mara kumi kabla ya kufungulia, maana KCl ni nzito, ikiingizwa mfuko ukiwa umetundikwa inatua chini karibu na mrija na mgonjwa anaipata yote mwanzoni.

Usiichanganye kwenye D5 kama lengo ni kupandisha potasiamu. Sukari inaita insulini, insulini inaiingiza ndani, unaweza kuona imeshuka zaidi. Tumia NS.

mwaka_wa_pili

Hapo kwenye namba ya karatasi nina swali la mwisho. Ikija potasiamu 6.8, mgonjwa yuko sawa na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) haina kitu, ni ya kuamini?

maabara_chini

Uliza sampuli ilikotoka kabla hujamtibu, ila ECG ikiwa na mabadiliko tibu kwanza.

Seramu nyekundu ni seli zilizopasuka: sindano nyembamba mno, bomba lililovutwa kwa nguvu, damu iliyofyatuliwa kupitia sindano kuingia mrijani, au mrija uliotikiswa. Hiyo inaonekana kwa macho. Mrija wa zambarau ukitangulia ule wa kemia, au damu ikimiminwa kutoka wa zambarau kwenda mwingine, EDTA yake ni chumvi ya potasiamu. Dalili ni potasiamu juu na kalsiamu chini isivyoelezeka. Kukunja na kukunjua ngumi kwa muda mrefu mkono ukiwa umefungwa kamba nako huipandisha.

Iliyojificha kuliko zote ni friji. Damu nzima ikiachwa kwenye nyuzi 4 usiku kucha, pampu inalala kwa baridi, potasiamu inavuja kutoka ndani ya seli nyekundu, na seramu inabaki njano safi. Hakuna wekundu wa kukushtua. Anayepokea namba asubuhi anadhani mgonjwa yuko hatarini.

Sampuli iliyotolewa mkono wenye dripu ya NS huja na potasiamu ya chini na kloraidi ya juu, na ya mkono wenye D5 huja na glukosi isiyo na maana na sodiamu iliyopunguzwa maji. Toa mkono wa pili. Ikishindikana, toa chini ya dripu baada ya kuifunga dakika kadhaa, na mwage damu ya kwanza.

Kwa hiyo 6.8 yako: rudia bila kamba au kwa kamba iliyolegezwa mapema, mrija wa kemia kwanza, ipelekwe kwa mkono ikiwa na joto la chumba. Kama haitapimwa ndani ya saa moja au mbili, tenganisha seramu kwanza, ndipo uiweke kwenye friji.

mwaka_wa_pili

Ilikuwa imelala kwenye friji.